Mafunjo ya Mwanza yahesabiwe ndege kabla hayajapimwa viwanja

Kila mvutano unaozuka kuhusu kinamasi cha kando ya Ziwa Victoria huishia kwenye mpaka: nani ana hati, bikoni imekaa wapi, mita 60 za ulinzi wa ufukwe zinaanzia wapi. Ndege hutajwa mwishoni mwa taarifa, tena bila namba: "eneo lina ndege wengi wa aina mbalimbali." Sentensi ya namna hiyo haiwezi kurudisha nyuma hata lori moja la kifusi. Namba inaweza, ila sharti iwe imekusanywa mahali palepale, mwezi uleule, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka. Mwanza ni jiji linalopanuka kuelekea ziwani, na mafunjo yake yanahitaji hesabu hiyo sasa, wakati bado kuna cha kuhesabu.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko jangwani. Azraq ni eneo la chemchemi mashariki mwa Yordani, takribani kilomita 100 kutoka Amman, limezungukwa na jangwa la mawe meusi ya volkano. Maji ya chini ya ardhi yalikuwa yakibubujika yenyewe na kufanya madimbwi, matete na malisho ya nyati wa majini. Kwa ndege anayetoka Ulaya au Asia kuja Afrika, hapo ndipo palikuwa pa kunywa, kula na kupumzika katikati ya ukame. Kinamasi hicho kiliingia kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1977, na mwaka 1978 kilomita za mraba 12 zikatengwa kuwa hifadhi. Kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa kimekamilika.

Maji hayajui mpaka wa hifadhi. Miaka ya 1980 visima vikubwa vilianza kupeleka maji ya Azraq jijini Amman, na wakulima wa jirani nao wakachimba vyao, vingine bila kibali. Hakuna aliyeivamia hifadhi wala kukata uzio wake. Maji ya chini yaliendelea kushuka, chemchemi zikadhoofika, na kufikia 1992 zilikuwa zimekauka. Tarehe 2 Februari 1967 walihesabiwa hapo ndege 347,000. Tarehe 2 Februari 2000 walihesabiwa 1,200.

Nguvu ya namba hizo iko kwenye tarehe. Lau hesabu ya kwanza ingefanywa Februari na ya pili Julai, mtu yeyote angejitetea kwamba ndege wamehama tu kufuata msimu, na asingekosea. Kwa kuwa ni siku ileile ya mwaka, utetezi huo unakufa. Tangu 1994 baadhi ya maji yamekuwa yakirudishwa kwa pampu, kwa lengo la kufufua takribani asilimia 10 ya kinamasi cha zamani. Nyati wa majini wamerudishwa ili wale matete, maana matete yakiachwa huziba maji ya wazi, na bata hatui palipozibwa. Kazi hiyo yote ina maana kwa sababu kuna kumbukumbu ya jinsi Azraq ilivyokuwa. Bila kumbukumbu, asilimia 10 ya nini?

Sisi hatuna jangwa. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu ya eneo hilo iko Tanzania. Kinachoua kinamasi huku si kukosa maji. Ni kifusi, ni moto wa kiangazi, ni bustani za mboga na majaruba ya mpunga yanayosogea ndani msimu hadi msimu, na ni matope na uchafu unaoletwa na mito kama Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji. Juu ya hayo, ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 2006 lilishuka sana. Mwaka 2020 lilipanda hadi likaingia kwenye nyumba na mialo. Likishuka, ukingo wa mafunjo hubaki mkavu, mtu huchoma, hulima, na baada ya miaka michache anahesabu pale ni shambani kwake. Likirudi, husemekana kwamba ziwa limevamia watu. Upepo mkali ukikutana na maji yanayopanda, mapande ya mafunjo hukatika na kuelea kama visiwa, mengine yakaziba mwalo mzima. Ukingo wa kinamasi chetu hautulii mahali pamoja.

Ndiyo maana sheria peke yake haitoshi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Ni kifungu kizuri kwenye ufukwe wa mawe, ambako maji yanaishia panapoonekana. Kwenye mafunjo, maji yanaanzia wapi? Ukipima kutoka maji ya wazi, mita 60 zinaweza kuishia ndani ya mafunjo yenyewe, na nusu ya kinamasi ikabaki nje ya ulinzi. Ukipima kutoka ardhi kavu, umepata jibu jingine, na mwakani jingine tena. Mabishano hayo hayataisha kwa futi kamba.

Kwenye ngazi ya kimataifa, Tanzania ina maeneo 4 ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Bonde la Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja kwenye ufukwe wetu wa Ziwa Victoria. Waganda, kwenye ziwa hilihili, waliingiza ghuba za Mabamba na Lutembe mwaka 2006. Kuingia kwenye orodha si ukuta, na Azraq imeshatuonyesha. Lakini vigezo vyake vinafundisha. Kimoja kinataka eneo liwe na ndege wa majini 20,000 au zaidi mara kwa mara. Kingine kinataka liwe na asilimia 1 ya ndege wote wa jamii moja. Vyote viwili vinadai hesabu ya miaka kadhaa. Anayesema ghuba yetu inastahili ulinzi wa kimataifa ataulizwa ndege wangapi, lini, na nani aliyehesabu.

Ndege pia husema mambo ambayo kipimo cha maji hakisemi. Mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitosa, hutapika vidonge vya miiba ya samaki aliyemla. Utavikuta chini ya waya au kijiti anachopenda kutua: donge dogo la kijivu, likikauka husagika vidoleni na kuacha miiba myembamba. Watafiti waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza walichambua vidonge vya aina hiyo na kuona mabadiliko ya ziwa zima ndani yake. Kabla sangara hajatawala, mdiria alikula furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili; furu walipokwisha, akahamia kwenye dagaa. Na kwa kuwa dagaa ni mwembamba, ilimlazimu avue samaki wengi zaidi ili ashibe. Ndege mdogo wa kwenye waya alikuwa ameandika historia ya uvuvi wetu.

Sasa kazi yenyewe. Darubini inayofaa ni ya 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia 10x42 wakidhani kubwa ndiyo bora, lakini kwenye mtumbwi kila mtikisiko wa mkono nao hukuzwa mara 10, na mwanga unaofika jichoni alfajiri ni mdogo zaidi. Kabla ya kuitumia, irekebishe: funika kioo cha kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa, kisha funika cha kushoto na uzungushe pete ya upande wa kulia bila kugusa gurudumu la kati. Anayevaa miwani ashushe mipira ya machoni, la sivyo ataona duara dogo tu. Andika kwa penseli, maana wino hutawanyika daftari likipata unyevu.

Mwezi ni Januari. Ndege wanaotoka kaskazini huanza kufika Septemba na kuondoka Machi hadi Aprili. Januari ndipo wametulia, na ndio mwezi ambao hesabu ya ndege wa majini hufanywa kwingi Afrika na Ulaya. Ukihesabu Oktoba au Machi unahesabu wapita njia, na idadi yao hubadilika kwa siku moja. Hesabu ya pili, ya Julai, inafaa kwa ndege wakazi.

Muda ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3. Asubuhi ziwa huwa shwari. Kadiri jua linavyopanda, upepo wa ziwani huamka, mawimbi huficha ndege wadogo na ndege wa mafunjo hunyamaza. Jua liwe mgongoni. Upande wa Busisi, magharibi mwa ghuba, ukiwa mtumbwini asubuhi unatazama magharibi na kila rangi inaonekana. Ukivuka kwenda Nyegezi na Luchelele, mashariki mwa ghuba, asubuhi hiyohiyo unatazama jua usoni, na kila ndege ni kivuli cheusi. Upande huo uhesabiwe kuanzia saa 10 na nusu jioni, na iwe hivyo kila mwaka.

Gawa ukingo katika vipande vya mita 500 hadi kilomita 1, kila kimoja kikianzia na kuishia kwenye kitu kisichohama: jabali, mti mkubwa, mwalo. Mawe ya Mwanza yanaifanya kazi hii kuwa rahisi kuliko pengine popote. Chukua pia majira ya GPS ya kila kituo kwa simu. Watu wawe 3 kwenye mtumbwi: mmoja anahesabu na kutaja kwa sauti, mmoja anaandika, mmoja anaendesha na kuangalia viboko. Nenda polepole, mita 30 hivi kutoka kwenye mafunjo. Ukisogea zaidi, ndege huruka mbele yako na kutua kipande kinachofuata, ukawahesabu tena. Hilo ndilo kosa linalojitokeza sana, na dawa yake ni kumpa mwandishi kazi moja ya ziada: aandike kila kundi lililoruka, idadi yake na lilikoelekea.

Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja. Hesabu 10 kwa uhakika, tazama 10 hao wamechukua nafasi gani, kisha pima nafasi hiyo hadi ufike 100, halafu tembeza mia hiyo juu ya kundi. Watu wengi hukadiria chini ya idadi halisi kundi likiwa kubwa. Wawili wahesabu kundi lilelile bila kusikilizana, ndipo walinganishe. Wakitofautiana sana, warudie.

Ndege wa ndani ya mafunjo hawahesabiwi kwa macho. Mafunjo hufikia mita 4 na zaidi, na ndani yake kuna ndege ambao maisha yao yote yamo humo: tiva wa mafunjo, chiriku wa mafunjo, na videnenda na shoro ambao hata mzoefu hawatofautishi mpaka waimbe. Simamisha injini, subiri dakika 2 mahali patulie, kisha sikiliza dakika 10. Vituo viachane mita 200. Tiva huimba wawili, dume na jike wakijibizana upesi hadi ungedhani ni sauti ya ndege mmoja. Andika jozi moja. Akijitokeza, mtazame kwa makini, kwa sababu ana ndugu wa vichakani anayefanana naye. Wote wawili ni wekundu kifuani na weusi mgongoni. Wa mafunjo ana utosi wa rangi ya manjano na mstari mweupe kwenye bawa. Yule wa vichakani kichwa chake ni cheusi chote na bawa halina mstari. Ukiandika wa pili kwa jina la kwanza, umejenga ushahidi wa uongo kwamba mafunjo bado yapo.

Wapo wanaopiga sauti ya tiva kwenye simu ili atoke apigwe picha. Tusifanye hivyo kwenye hesabu. Dume huacha kiota kuja kumfukuza mgeni asiyekuwepo, na hesabu nayo huharibika, kwa kuwa unakuwa umewavuta ndege wa vituo vya jirani.

Andika sifuri. Kipande kisicho na ndege kiandikwe kuwa hakina ndege, si kuachwa wazi, maana baada ya miaka 5 hakuna atakayejua kama palikuwa patupu au hapakutembelewa. Andika saa ya kuanza na kumaliza, upepo, na kimo cha maji kwenye alama ya kudumu iliyochorwa kwenye jabali. Hesabu isiyo na kimo cha maji ni nusu hesabu kwenye ziwa kama hili.

Jumla ya ndege wote inaweza kutudanganya kabisa, na wasimamizi wanapenda jumla. Kinamasi kikigeuzwa jaruba la mpunga, yangeyange humiminika. Taka za samaki zikiongezeka mwaloni, korongo wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni huongezeka, kama anavyoona yeyote anayepita Mwaloni Kirumba. Jumla inapanda, taarifa inasema hali ni nzuri, na wakati huohuo tiva na chiriku wa mafunjo wameshatoweka. Kwa hiyo fomu iwe na makundi yasiyochanganywa: wanaotegemea mafunjo marefu, wanaotegemea maji ya wazi kama mnandi na mdiria, wanaotegemea tope kama vitwitwi, na wanaofuata binadamu. Kundi la kwanza likishuka miaka 3 mfululizo, jumla isisomwe kabisa.

Kuhusu usalama sina maneno mengi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Asiingie mtu majini, hata kwa dakika moja. Kichocho hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, na ufukwe wa Mwanza unacho. Kiboko akionekana, kipande hicho kiachwe na kiandikwe "hakikuhesabiwa".

Wapo watakaosema watu wanahitaji chakula na viwanja, na ndege hawalipi kodi. Hoja ya chakula ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya niwatake wavuvi wawe mstari wa mbele. Maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo, sangara hayawezi vizuri, na ndiyo sababu baadhi ya aina za furu zimejisalimisha humo. Kambale na kamongo wanaishi humo. Mafunjo yanapunguza matope yanayoshuka na mito kabla hayajafika mazalia ya sato. Wala hesabu haimkatazi msuka mikeka. Mafunjo yaliyokatwa huchipua tena kutoka kwenye shina la chini na kurudi kimo chake ndani ya mwaka hivi, mradi yasichomwe wala kung'olewa. Yakatwe kwa vipande, huku pembeni ukanda mrefu ukiachwa, na mwaka unaofuata zamu ihamie kwingine. Tiva atahama mita chache na kubaki. Moto ndio usiovumilika, kwa kuwa huondoa pazia lote kwa mchana mmoja na kumfungulia mlango mwenye jembe.

Kwa hiyo kazi hii ikabidhiwe BMU za ghuba, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za mwaloni, zenye mitumbwi na watu wanaojua kila kichaka cha mafunjo kwa jina. Gharama yake ni mafuta ya asubuhi mbili, darubini mbili na fomu. Walimu wa sekondari za jirani waje na wanafunzi wachache wenye masikio mazuri, wafundishwe kwanza sauti 5 tu. Nakala ya fomu ibaki BMU, nyingine ofisi ya kata, nyingine TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kwa sababu daftari moja lililowekwa nyumbani kwa mtu mmoja huondoka na mtu huyo.

Ghuba 3 zinatosha kuanza: moja iliyobanwa na jiji, moja yenye mashamba ukingoni, moja ambayo mafunjo yake bado ni mapana. Zisichaguliwe zile nzuri tu, maana hesabu ya mahali pazuri haiwezi kuonyesha ubaya unakotokea. Na wahesabuji wasibadilishe njia mwaka wa pili kwa kuwa wamegundua njia bora. Wakiibadili, wahesabu kwa njia zote mbili msimu mmoja ili namba za zamani zisitupwe. Maombi ya kupima viwanja yakifika kwenye kata yenye ghuba hizo, fomu za Januari ziwekwe mezani pamoja na ramani.